UZI: Kulitambua jiwe kwa muundo wake kabla ya kulitolea pesa

#1 Mwanzilishi wa uzi

Wana jukwaa, salamu kwenu nyote.

Mwaka jana shemeji yangu aliingia nyumbani kwangu Umoja jioni, akiwa amelifunga jiwe la kijani kwenye karatasi ya shashi, akaliweka juu ya meza taratibu kama mtu anayeweka yai. Alikuwa amelinunua mjini kutoka kwa mtu aliyemwambia kwamba ni tsavoraiti, yaani kito cha kijani, ya Taita Taveta, na pesa alizolipa zilikuwa karo ya mwanawe ya muhula mzima. Niliwasha tochi ya simu nyuma ya jiwe hilo, nikalitazama kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Ndani yake mlikuwa na viputo viwili vya hewa, vya mviringo kamili, kimoja kikubwa kuliko kingine, vimeganda kama viputo vya soda iliyolala kwenye friza. Lilikuwa kipande cha kioo. Sikupata njia ya kumwambia jambo hilo bila kumuumiza, na hadi leo hajaweza kulizungumza mbele ya mke wake.

Nilisomea jiolojia, na kazi inayonilisha ni kukagua mawe na udongo wa misingi ya majengo hapa Nairobi na viunga vyake. Karibu kila wiki natumiwa picha yenye swali moja: "Hili ni jiwe gani?" Picha hunionyesha rangi, na rangi ndiyo sifa ninayoiamini kidogo kuliko zote. Korandamu, yaani madini yanayotoa yakuti, ikiwa safi haina rangi kabisa. Ikiingiwa na kromi kidogo huwa yakuti nyekundu, kama ile iliyochimbwa Mangare kule Taita Taveta. Ikiingiwa na chuma pamoja na titani huwa yakuti ya samawati. Madini ni hayo hayo, mpangilio wa atomu ni huo huo, ugumu ni huo huo, ila wageni wachache tu waliojipenyeza ndani wamebadilisha vazi lote la nje. Anayelijua jiwe kwa rangi hulijua kwa vazi.

Katika uzi huu nataka kueleza kwamba kila kipimo cha kutambua madini, kuanzia kulikwaruza jiwe hadi kulipima uzito, ni swali linaloulizwa muundo wake wa ndani. Ukishauelewa muundo, hutahitaji kukariri majedwali marefu, na muuzaji hatakuyumbisha kwa urahisi. Nitaandika kwa sehemu. Maswali yaje wakati wowote.

#2 Mwanzilishi wa uzi

Madini, kwa maana ya wanajiolojia, ni kitu kigumu kilichojiunda kiasilia, chenye viambato vya kemikali vinavyojulikana, na ambacho atomu zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Aina zinazotambuliwa rasmi duniani zimepita 5,000, ijapokuwa miamba mingi unayoikanyaga imejengwa kwa aina chache tu. Sharti la mpangilio ndilo lenye uzito zaidi. Lile jiwe jeusi linalometameta karibu na Naivasha, ambalo watu wa kale walilichonga likawa visu na ncha za mikuki, lina silika tele, yaani silikoni na oksijeni zilizoungana, lakini haliitwi madini, kwa sababu ni lava iliyopoa upesi mno hata atomu zake hazikuwahi kujipanga. Hicho ni kioo cha asili. Mwamba nao ni jambo jingine: ni mkusanyiko wa madini, mara nyingi ya aina kadhaa yaliyoshikana.

Ili kuuona mpangilio kwa macho yako, huhitaji maabara. Chukua chembe ya chumvi ya mawe, ile isiyosagwa inayotoka kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani kaskazini mwa Malindi, uiweke juu ya sahani nyeusi na uitazame kwa lenzi. Utaona kisanduku chenye pembe mraba, pengine kimelika ncha moja kwa unyevu. Sasa kiminye kwa mgongo wa kisu mpaka kipasuke. Vipande vinavyoruka havina umbo la ovyo. Vingi ni visanduku vidogo zaidi, na pembe zake ni zile zile za mraba. Kisu chako hakikuzichonga. Sodiamu na klorini zimepangwa zikipokezana kama miraba myeupe na myeusi ya ubao wa drafti, ila ubao huu una ghorofa zisizohesabika, na jiwe hupasuka kwa urahisi pale ghorofa zinapoachana.

Jambo hili liliwashughulisha watu muda mrefu kabla ya kuwepo chombo cha kuonyesha atomu. Mwaka 1669 Nicolas Steno, mzaliwa wa Denmark, alieleza kwamba pembe kati ya nyuso za fuwele (vipande vya madini vilivyokua na nyuso bapa) za kwatzi, madini ya silika tupu, hazibadiliki, hata kama fuwele moja ni nene na nyingine ni nyembamba. Hadi leo, ukipima kingo za nguzo ya kwatzi, iwe imetoka Kenya au Brazili, nyuso zinazopakana hukutana kwa nyuzi 120. Uthibitisho wa kuonekana ulikuja mwaka 1912, Max von Laue na wenzake walipopitisha eksirei ndani ya fuwele na kuona nuru yake ikitawanyika kwa madoa yenye utaratibu. Bragg baba na Bragg mwana wakaitumia njia hiyo kuchora mahali atomu zilipokaa, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915. Chumvi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza walivyovichambua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kaboni. Almasi ni kaboni tupu, na madini ya kinywe, yaani ile grafiti iliyo ndani ya penseli ya mwanafunzi, nayo ni kaboni tupu. Katika almasi kila atomu imeshikana na nne nyingine pande zote, kama chuma cha nguzo kilichosukwa kabla ya kumwagiwa zege. Katika kinywe atomu zimesukwa kwenye tabaka, na tabaka hizo zimeshikana kwa nguvu hafifu kiasi kwamba ukipitisha penseli kwenye karatasi zinabanduka na kubaki hapo. Viambato havitofautiani hata kidogo. Tofauti yote imo katika namna vilivyopangwa.

#3 Mchangiaji kutoka Kayole

Asante sana kaka kwa somo hili. Nina swali. Ikiwa atomu zote zimejipanga vizuri hivyo, mbona mawe mengi tunayookota hayana nyuso wala pembe, yako tu kama mabonge?

#4 Mwanzilishi wa uzi

Swali zuri, ndugu yangu. Umbo la nje huhitaji nafasi. Fuwele inayokua ndani ya tundu la mwamba, mahali penye maji ya moto yaliyobeba silika, hunyoosha nyuso zake bila kusukumwa. Inayokua imebanwa na jirani zake kila upande hujaza tu mwanya uliobaki, kama mti ulioota kati ya kuta mbili. Mpangilio wa ndani uko pale pale, na utajitokeza ukilivunja jiwe au ukilipitishia mwanga. Kwa sababu hiyo simwamini anayesema "hili lina umbo zuri, basi ni kito", wala anayelitupa bonge kwa kuwa halina umbo.

Niongeze hapa jambo la silika, kwa kuwa ndilo linalobeba sehemu kubwa ya ardhi yetu. Takribani asilimia 46 ya uzito wa gamba la dunia ni oksijeni na asilimia 28 hivi ni silikoni. Silikoni moja huzungukwa na oksijeni nne, zikaunda umbo la piramidi lenye nyuso nne za pembetatu. Piramidi hizi ndizo matofali ya madini mengi mno, na namna zinavyounganishwa ndiyo hueleza tabia ya jiwe mkononi mwako. Katika garneti, jamii ambayo tsavoraiti ni mojawapo, piramidi zinakaa mbalimbali, zimefungwa pamoja na atomu za metali zilizosongamana. Kwa hiyo garneti ni nzito na haina upande dhaifu wa kupasukia. Katika ulanga zimeunganishwa zikawa karatasi, na ndiyo maana unaweza kuuchambua kwa ukucha ukatoa utando mwembamba unaopitisha nuru. Katika kwatzi zimeshikana pande zote bila kuacha mshono, kwa hiyo kwatzi haina pa kupasukia, na ikivunjika huacha mikunjo ya mviringo kama ganda la kombe au kitako cha chupa. Mtu akikuonyesha jiwe linalobanduka karatasi kwa karatasi huku akisema ni dhahabu, umeshajua jibu kabla hajamaliza sentensi: huo ni ulanga uliochakaa kwa mvua na jua ukageuka rangi ya manjano.

#5 Mchangiaji kutoka Kitengela

Habari za jioni, mwalimu. Tunajenga upande wa Athi River, na mafundi walipochimba msingi walitoa mawe ya kijivu yaliyojaa vipande bapa vinavyong'aa, vingine virefu kama kidole gumba. Fundi mmoja aliniambia nisiyatupe kwa sababu huenda ni kito, na tangu siku hiyo kuna kijana anayekuja kila mara kuniomba nimuuzie. Nina kipande kimoja kilichobanduka kizima. Nianzie wapi?

#6 Mwanzilishi wa uzi

Dada, usimuuzie mtu na usitupe kitu. Tutakipima hapa hapa kwenye uzi, ili wengine waone njia yenyewe. Nina dhana kwa sababu ya mahali ulipo, lakini sitaitaja sasa, maana dhana ikitajwa mapema mtu huanza kuona anachotaka kukiona.

Anza na ugumu. Friedrich Mohs, Mjerumani, aliweka mwaka 1812 ngazi ya madini kumi ambayo kila moja hukwaruza lililo chini yake, kuanzia namba 1 iliyo laini kabisa hadi namba 10: talki, jasi, kalisaiti, floraiti, apataiti, othoklesi, kwatzi, topazi, korandamu, almasi. Jasi ni ile mnayoiita jipsamu kwenye dari, nayo ukucha wako huikwaruza, kwa kuwa ukucha una ugumu wa karibu 2.5. Waya wa shaba unafika 3. Kisu cha kawaida na kioo cha dirisha viko karibu na 5.5. Tupa ya chuma, ile ya mafundi wa Kamukunji, inafika 6.5. Kwa vifaa hivyo, ambavyo havigharimu chochote cha maana, unalikamata jiwe kati ya ngazi mbili. Ngazi hizi hazijaachana kwa hatua sawa, na almasi imeizidi korandamu mara kadhaa ingawa kwa namba zimepishana moja tu.

Namna ya kukwaruza ina adabu yake. Chagua sehemu safi isiyooza, kandamiza ncha na uvute kama nusu sentimita, kisha paka mate kidogo kwenye kidole ufute. Alama ikifutika, ilikuwa unga wa kile kifaa chako kilichosagika juu ya jiwe, kwa hiyo jiwe ndilo gumu zaidi. Alama ikibaki na ukucha ukakwama ndani yake, jiwe limeshindwa. Nimewaona watu wazima wakikosea hapo na kuandika ugumu kinyume. Wala usikwaruze kito kilichokwisha kukatwa, kwa sababu utakiharibu hata kama ni cha kweli.

Ugumu nao hutoka katika mpangilio, na ushahidi mzuri tunao hapa nchini. Kayanaiti, madini ya rangi ya buluu yaliyowahi kuchimbwa katika kilima cha Murka, Taita Taveta, hukwaruzwa na kisu ukikivuta kwa urefu wa fuwele, lakini ukikivuta kwa kuikata mapana, kisu kinateleza. Jiwe ni moja, ugumu ni miwili, kwa kuwa atomu zimeshikana kwa nguvu zaidi upande mmoja.

#7 Mchangiaji kutoka Kitengela

Nimefanya kama ulivyosema. Ukucha na waya havikuacha alama. Kisu kiliacha mstari wa kijivu, lakini ulifutika. Kipande chenyewe kimekwaruza chupa, ingawa mstari ni mwembamba. Tupa nayo imekikwaruza kidogo.

#8 Mwanzilishi wa uzi

Vizuri sana, na umeandika kwa uangalifu. Basi ugumu wake ni karibu 6. Kalisaiti imetoka, floraiti imetoka, na kioo kimetoka. Almasi, kama ndiyo anayoiota yule kijana, nayo imetoka, kwa sababu tupa isingeigusa. Kwatzi sioni kama ni yenyewe, lakini tupa zina tofauti kati yake, kwa hiyo tusiiondoe kwa kipimo hiki pekee.

Sasa tazama mpasuko. Simama mlangoni penye jua, shika kipande na ukizungushe polepole. Uso uliopasuka kufuata mpangilio wa atomu humulika wote kwa pamoja kama kioo kidogo, kisha huzimika wote kwa pamoja. Uso uliovunjika ovyo humeremeta huku na huku bila mpango. Hesabu ni pande ngapi zinazomulika hivyo na zinakutana kwa pembe gani. Ulanga una upande mmoja. Feldispa, madini ya silika yaliyomo katika miamba mingi, ina mbili zinazokutana karibu na pembe mraba. Chumvi ina tatu za mraba. Kalisaiti nayo ina tatu, ila zimelala upande, kwa nyuzi 75 na 105 hivi, kwa hiyo vipande vyake ni kama sanduku lililosukumwa likapinda. Floraiti ya Bonde la Kerio ina nne, na fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuipasua ikawa na umbo la piramidi mbili zilizogandana kitako kwa kitako. Kwatzi na garneti hazina hata mmoja. Tusubiri jibu lako.

#9 Mchangiaji kutoka Migori

Salamu wana jukwaa. Huku kwetu tatizo ni dhahabu. Vijana wanaosha mchanga, na kila siku kuna anayeleta kitu cha manjano. Je, hiyo tupa na ukucha vinasaidia?

#10 Mwanzilishi wa uzi

Vinasaidia, ndugu, lakini kwa dhahabu kipimo bora ni rangi ya unga. Tafuta kigae, ukigeuze upande wa nyuma usiopakwa mng'aro, kisha ukisugulie chembe hiyo. Dhahabu huacha mstari wa manjano unaong'aa, sawa na rangi yake. Pairaiti, ambayo ni chuma na salfa na imewalaza wengi na ndoto za utajiri, huacha mstari wa kijani kilichokolea hadi weusi. Rangi ya nje ya jiwe hubadilishwa na kutu, unyevu na uchafu, ila unga haudanganyi kwa urahisi, kwa sababu ni chembe ndogo mno zisizo na uso wa kumulika.

Halafu igonge kwa nyundo ndogo juu ya chuma. Dhahabu hulala na kuwa bapa, kwa kuwa atomu za metali huteleza zikabaki zimeshikana. Pairaiti hupasuka vipande, na mara nyingi utasikia harufu ya kiberiti. Uzito nao ni shahidi mkubwa: ukilinganisha na maji, dhahabu safi ni nzito mara 19.3 na pairaiti mara 5 tu. Ndiyo maana ukitikisa karai, dhahabu hukaa chini nyuma ya mchanga mweusi huku ulanga ukielea na kuondoka na maji.

Kwa kuwa umetaja biashara, niseme hili moja tu nje ya vipimo: chini ya Sheria ya Madini ya 2016, anayechimba na anayenunua ili auze wote wanahitaji idhini. Muulize mnunuzi leseni yake kabla hujamwonyesha ulichonacho.

#11 Mwanzilishi wa uzi

Nataka kukaa kidogo kwenye uzito, kwa sababu ndicho kipimo ambacho kingemwokoa shemeji yangu, nacho hakiharibu jiwe hata kidogo. Atomu nzito, au atomu zilizobanana sana, hufanya kipande kidogo kiwe na uzito mkubwa. Tunachotafuta ni jiwe lina uzito mara ngapi kuliko maji yenye ujazo sawa nalo.

Pata mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kama ile wanayotumia wauza vito vya fedha. Pima jiwe likiwa kavu, uandike. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, ulishushe mpaka lizame lote bila kugusa chini wala kando, uushikilie uzi kwa mkono uliotulia. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Jiwe la gramu 4.33 likisukuma maji gramu 1.20 lina 3.61, na hapo ndipo tsavoraiti ilipo. Jiwe la shemeji yangu lilinipa karibu 2.5, uzito wa chupa. Zumaridi iko karibu na 2.7, floraiti ya kijani 3.18, na tanzanaiti ya Merelani 3.35 hivi. Viputo vikiganda kwenye jiwe vitaharibu hesabu, kwa hiyo lipitishie kwanza kidole chenye tone la sabuni ya vyombo. Rudia mara tatu. Kwa jiwe dogo kuliko punje ya mchele, mizani hii haitoshi.

Mwanga nao una mengi ya kusema. Tanzanaiti ambayo haijachomwa, ukiizungusha mkononi, hukupa buluu upande mmoja, zambarau upande mwingine na wekundu wa kahawia upande wa tatu, kwa kuwa mpangilio wake haufanani pande zote na nuru hunyonywa tofauti kila njia. Kalisaiti angavu ukiilaza juu ya gazeti huonyesha kila herufi mara mbili. Garneti haifanyi hivyo, kwa kuwa mpangilio wake ni sawa pande zote, wala kioo hakifanyi hivyo, kwa kuwa hakina mpangilio. Kwa hiyo kipimo cha mwanga hakiwezi kutenganisha tsavoraiti na kioo, lakini cha uzito kinaweza. Kwa sababu hiyo nasisitiza vipimo vitatu visivyotegemeana.

Kuna mpaka ambao vipimo vya nyumbani haviuvuki. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa moto, na yakuti hiyo ina viambato vile vile na muundo ule ule wa ile ya ardhini. Ugumu utalingana na uzito utalingana. Kinachoitenga ni alama za namna ilivyokua, kwa mfano mistari iliyopinda ambayo yakuti ya asili haina, nazo huhitaji darubini na jicho lililozoea. Ukifika hapo, lipeleke jiwe kwa wenye vifaa, iwe ni Madini House pale Barabara ya Machakos, au kituo cha vito cha Voi kwa walio karibu na machimbo.

#12 Mchangiaji kutoka Kayole

Na magadi je? Mama yangu hutia kwenye mrenda, nami sijawahi kujua ni jiwe la aina gani.

#13 Mwanzilishi wa uzi

Magadi ni madini halisi, yanaitwa trona, na Ziwa Magadi kusini mwa Nairobi ni mojawapo ya mahali pake maarufu duniani. Ni sodiamu, kaboneti na maji vilivyofungwa pamoja katika fuwele moja. Tone la ndimu likiyaangukia utaona povu, kwa kuwa asidi hufukuza hewa ya kaboni. Kalisaiti hufanya vivyo hivyo, hasa ukiisaga kwanza. Na kuna jambo linalonipa fahari kila nikilikumbuka: mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mawili mapya ya sodiamu na silika kutoka ziwa hilo, na majina yake rasmi ni magadiaiti na kenyaiti. Kila mwanafunzi wa madini, popote alipo, akiyataja anataja nchi yetu.

Ila usiyaonje mawe usiyoyajua ukidhani yote ni kama magadi. Yapo yenye risasi na zebaki.

#14 Mchangiaji kutoka Kitengela

Mwalimu, nimerudi. Juani kipande kinamulika pande mbili, na zinakutana kama kona ya kitabu. Ndimu haikutoa povu lolote. Mizani nimeazima kwa jirani anayeuza vito vya fedha: kikavu kina gramu 6.24, na ndani ya maji nimepata 2.41, mara tatu, ikibadilika kwa 0.01 tu.

#15 Mwanzilishi wa uzi

Hiyo ni 2.59, dada yangu. Angalieni jinsi ushahidi unavyokaa. Kwatzi ni 2.65, karibu mno na namba hii kwa mizani ya kuazima, hivyo uzito peke yake usingeitoa. Lakini kwatzi haina mpasuko, na wewe umeona pande mbili kwenye pembe mraba. Ugumu wa 6, mpasuko wa namna hiyo, uzito wa 2.59, na ndimu iliyokaa kimya: hiyo ni feldispa, ile yenye sodiamu na potasiamu, na jina lake kamili ni anothoklesi. Sasa naweza kuitaja dhana yangu ya mwanzo. Upande wa Athi River na nyanda za Kapiti kuna lava ya kale iitwayo fonolaiti ya Kapiti, inayojulikana kwa fuwele zake kubwa za feldispa. Zilianza kukua taratibu chini ya ardhi, zikiwa na nafasi na muda, kisha lava ikapanda juu na kupoa haraka, ikazifunga ndani ya kijivu kile unachokiona.

Kito cha kuuza si chenyewe, na kijana yule unaweza kumwambia hivyo bila wasiwasi. Mawe yenyewe, yakiwa hayajaoza, ni magumu na yanafaa kwa msingi. Mwambie fundi ayagonge kwa nyundo, yale yanayotoa mlio mkali ayatumie, na yale yanayotoa mlio mzito na kumomonyoka ayatenge. Kipande kile kilichobanduka kizima, ukiwa radhi, nitapita Jumamosi nikakione. Nimekuwa nikitafuta chenye urefu huo nimwonyeshe shemeji yangu namna uso wa kweli unavyomulika.